Kusaka herufi ziwani: siku tisa, Dar hadi Ukerewe

Safari hii ilianzia kwenye aibu. Mteja wangu mmoja, mama wa makamo anayefungasha dagaa wa Mwanza na kuwauza Dar, aliniomba nimtengenezee lebo "ambayo mtu akiishika anaona ziwa". Nikampelekea tatu. Zote za bluu, zote zina wimbi, mbili zina samaki karuka juu kama kakanyaga kaa la moto. Akakaa kimya kutwa nzima, jioni akanitumia ujumbe wa sauti wa sekunde saba: "Mwanangu, hivi hilo ziwa umewahi kuliona?"

Sijawahi. Mwaka wa kumi na moja huu nabuni nembo na lebo, na Ziwa Victoria nililokuwa nachora nililitoa kwenye picha za mtandaoni ambazo nadhani ni za Uswisi. Nikamwomba wiki mbili, nikafunga kompyuta, nikabeba simu, daftari na betri ya akiba.

Haya nayaandika nikiwa nyumbani Tabata, kwa msaada wa daftari lililolowa kona moja na picha 614. Za Ijumaa hazipo. Nitaeleza.

Jumatano, 17 Septemba 2025. Dar, Dodoma, Mwanza

Treni ya SGR ya asubuhi hadi Dodoma, nauli 31,000. Haina la kusimulia, na kwa chombo cha usafiri hiyo ni sifa. Kabla ya saa tano nilikuwa stendi ya Nanenane nikitafuta basi la Mwanza. Nikapata kwa 45,000, siti ya nyuma kabisa, juu ya tairi.

Kwa atakayepita njia hii: tiketi ya basi ya kutoka Dodoma ikate siku moja kabla. Nyuma ya basi unahesabu kila tuta kwa uti wa mgongo.

Singida tulikula haraka. Tukateremka mlima Sekenke jua likizama, na kabla ya Igunga tairi likapasuka. Sio langu, la upande wa pili. Tulikaa pale saa mbili na nusu. Hatua chache kutoka tulipokwama palikuwa na kibanda cha fundi pancha, amekwisha kufunga na kwenda kulala. Hakuwa na bango. Alikuwa na tairi kuukuu, amelipaka chokaa, akalining'iniza kwenye tawi la mwarobaini. Taa ya gari lolote ikipita, lile duara jeupe linaruka gizani. Dereva wetu aliliona kabla basi halijasimama vizuri, akamtuma kondakta akamwamshe. Nikawaza nembo zote nilizowahi kuchora zenye maneno matatu chini yake ya kueleza biashara inahusu nini.

Mama aliyekaa jirani yangu alifungua kikapu akanipa michembe kwenye gazeti. Viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa. Unatafuna taratibu, utamu unakuja baadaye. "Kula, mwanangu, hii safari bado." Alikuwa anarudi kwao baada ya msiba Morogoro. Usagara, njia panda ya kwenda Daraja la JP Magufuli, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025, nilitazama dirishani nikaona uso wangu tu. Tulifika Nyegezi, stendi ya Mwanza, saa nane usiku.

"Una mwenyeji?" mama akaniuliza. Nikasema sina. Akakataa katakata nisiondoke peke yangu. Mpwa wake alikuwa amekuja kumpokea na bajaji. Wakanipitisha Kirumba mpaka mlango wa gesti, kijana akachukua elfu tatu tu, ya mafuta. Jina la yule mama sikuuliza, na hilo linanisumbua mpaka leo.

Alhamisi, 18 Septemba. Mjini

Niliamka saa nne. Nilikuja kutazama maji, kilichonipokea ni mawe. Mwanza wanaiita Jiji la Miamba, lakini hilo ni jina tu mpaka usimame chini ya mlima uone nyumba zilivyokaa: jiwe limekuwa ukuta wa jikoni, jiwe limekuwa baraza, kamba ya nguo imefungwa jiwe hadi jiwe. Hakuna mstari ulionyooka mlima mzima. Sisi wabunifu tunaanza kazi kwa kuchora gridi. Hapa fundi ujenzi anaanza kwa kuliuliza jiwe litaondoka au haliondoki.

Nikateremka hadi karibu na kivuko cha Kamanga kuliona Jiwe la Bismarck, lile lililobebwa na mawe mengine majini, Wajerumani wakalipa jina la kansela wao. Nililipiga picha ishirini. Zote zinafanana na za watu wengine.

Kilichonishika zaidi kilikuwa barabarani. Kuta za maduka mji mzima zina rangi nne au tano za kampuni za simu, duka zima kuanzia paa hadi kizingiti, na jina la mwenye duka limebanwa kona ya juu, dogo kama saini. Isitoshe ulikuwa msimu wa kampeni, kila nguzo ina uso unaotabasamu. Chini ya nyuso hizo, kwenye ubao wa mbao, mtu kaandika kwa brashi: TUNANOA VISU, MIKASI, MASHOKA. Herufi za mwisho zimejikunja kwa kukosa nafasi, KA imepanda juu ya SHO. Nilisimama hapo muda mrefu. Fleksi zilizochapishwa zilikuwa zinapepea pembeni, zimepauka, moja imechanika kwenye jicho la mgombea. Ule ubao ulikuwa na umri kuzidi zote na bado unasomeka.

Saa saba nilikuwa Makoroboi. Jina la mahali limetokana na koroboi, vile vibatari vya mafuta ya taa ambavyo mafundi wa hapa walijulikana kwa kuvitengeneza kutokana na makopo. Siku hizi nguo na vitenge vimechukua nafasi kubwa, lakini nilimpata mzee mwenye nyundo, upawa, karai na, ndiyo, koroboi. Nikanunua moja kwa 3,000. Ilikuwa kopo la maziwa ya unga, limekatwa na kukunjwa, ng'ombe wa kwenye nembo yuko miguu juu, na maandishi yanazunguka shingo ya taa kichwa chini.

Nilishapanga kichwani makala nzima kuhusu hilo: nembo iliyogeuzwa, bidhaa ya kiwandani inayopinduliwa na mkono wa fundi. Nikamuuliza, "Mzee, haya maandishi umeyaacha makusudi?"

"Makusudi kabisa."

"Kwa nini?"

"Ukikwangua rangi, bati linashika kutu."

Akaendelea kugonga. Makala yangu ikafia hapo.

Chakula cha mchana: sato wa kukaanga na ugali wa udaga (muhogo mkavu) kwa mama ntilie karibu na soko, 8,000. Ukiletewa sato mzima, anza na shavu; jirani yangu wa mezani, dereva wa Haisi, alinifundisha bila kuombwa, kidole chake kikiwa tayari ndani ya sahani yangu.

Ijumaa, 19 Septemba. Bujora

Daladala hadi Kisesa, barabara ya Musoma, halafu bodaboda hadi Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Kutoka mjini ni kama kilomita 20. Kiingilio na posho ya muongozaji nililipa 15,000 jumla.

Niende moja kwa moja kwenye jambo. Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec, Kanada, alianza kazi hapa miaka ya 1950, na majengo ya mahali hapa yamejengwa kwa umbo la vitu. Kanisa ni la mviringo kama nyumba ya Kisukuma. Jumba la watemi lina umbo la kiti cha enzi. Ukilitazama kwa mbali bado hujaambiwa kitu, unajua hapa pana habari za wakubwa. Ngoma za watemi zimepangwa ndani, nyingine kubwa kiasi cha kumficha mtoto.

Mwongozaji wangu, kijana mwenye sauti ya upole, alinianzia kwa "Mwangaluka", nikajibu vibaya, akanisahihisha. Akanipeleka kwenye banda la vyama vya ngoma, Bagika na Bagalu, wale mahasimu wa mashindano ya uchezaji. Nyoka, nungunungu, madawa, hadithi ndefu. Sikuwa makini, kwa sababu ghorofani nilikuwa nimeona silinda.

Ni silinda inayozungushwa kwa mkono. Juu yake imeandikwa namna za kuhesabu moja hadi kumi, lakini si namna moja: vikundi vya rika mbalimbali vya Kisukuma vilikuwa na hesabu zao, maneno yao, kama lugha ya siri ya wenyewe kwa wenyewe. Unazungusha, hesabu ya rika hili inaondoka, ya rika jingine inakuja. Kumi ya kila siku, ikumi, ikaenda nyuma, kikaja kitu ambacho hata mwongozaji alikitamka kwa kusitasita.

Mimi kazi yangu nyingine, ya kulipa kodi ya nyumba, ni kubuni kurasa za programu za simu. Nusu ya mabishano yetu ofisini ni hii: taarifa nyingi, kioo kidogo, unaonyesha nini na unaficha nini. Hapa mtu alishalimaliza kwa silinda na mhimili. Haina chaji, haina bando, na mtoto wa darasa la pili aliyekuwa na kundi la shule aliielewa kabla mwalimu hajafungua mdomo. Aliisukuma kwa nguvu mpaka mwongozaji akamkamata mkono.

Nilikaa Bujora saa nne. Wengi wanatoa saa moja. Njoo asubuhi, mwambie mwongozaji mapema kwamba huna haraka, na beba maji.

Jioni nilikwenda Capri Point kutazama jua likizama. Ilikuwa rangi ambayo sijaiona tena safari nzima. Hapo simu ikaniambia nafasi imejaa, ikapendekeza ifute baadhi ya picha, nami nikakubali bila kusoma. Bando lilikuwa limeisha, hakuna ya siku hiyo iliyokuwa imehifadhiwa mtandaoni. Kwa hiyo machweo yenyewe hayapo, na ile silinda imebaki kwenye mchoro wa penseli niliouchora kwenye daladala, ambao unafanana na pipa la maji.

Jumamosi, 20 Septemba. Meli ya Nansio

Meli ya kwenda Nansio, mji mkuu wa kisiwa cha Ukerewe, iliandikwa kuondoka saa tatu, ikaondoka saa tano na dakika kumi. Nauli daraja la pili nililipa 9,000. Hakuna aliyelalamika, magodoro, vifaranga kwenye matenga, kreti za soda na mlango mpya wa chuma viliendelea kuingia.

Bandarini kijana mmoja aliyekuwa na redio aliitaja tarehe, na watu waliokuwa karibu wakanyamaza kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 ndiyo siku MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, ikitokea Bugorora, Ukerewe, wakafa watu zaidi ya 220. Miaka saba kamili. Mzee mmoja wa Ukara aliyekuwa anasafiri na mjukuu wake alisema tu, "Sisi tunapanda. Tutafanyaje."

Nikaanza kutafuta bango la kuonyesha namna ya kuvaa jaketi okozi. Ni tabia ya kazi, natazama mabango hata hospitalini. Nililipata kwenye ukuta wa ngazi: michoro minne, mtu wa rangi ya chungwa, mishale mizuri, kazi safi ya mtu aliyesomea. Mchoro wa tatu na wa nne vilikuwa nyuma ya kreti za soda. Yaani unafundishwa kuingiza mikono, kufunga kamba hufundishwi. Nikamwonyesha yule mzee. Hakusema neno. Akamkabidhi mjukuu fimbo, akashika kreti ya juu, nami nikashika ya pili, na vijana wawili wakaja bila kuitwa. Kreti tisa zikahamia upande wa pili. Mfanyakazi mmoja wa meli alitutazama, akataka kusema kitu, akaacha.

Kisha ziwa. Niseme rangi, maana hilo ndilo lililonileta. Ghuba ya Mwanza si bluu. Karibu na mji maji ni ya kijani kama mchuzi wa mlenda, kwa ajili ya ule mwani. Mbele zaidi yakawa ya kijivu, kama bati jipya lililopigwa na umande. Nilitumia ile programu ya simu inayosoma rangi kwenye picha, nikagusa sehemu kumi na mbili. Bluu ilitokea mara moja, na ilikuwa pipa la plastiki la abiria.

Tulifika Nansio saa tisa kasoro. Gesti 20,000, ndoo ya maji ya moto ukiomba. Machungwa ya Ukerewe yananunuliwa gatini. Nilikula matano nikiwa nimesimama.

Jumapili, 21 Septemba. Mwaloni

Mwalo ni pale mitumbwi inapopandishwa ufukweni. Mwendesha bodaboda alinipeleka kwenye mmoja nusu saa kutoka Nansio, na hapo ndipo nilipokuta nilichokuja kukisaka. Mitumbwi thelathini na kitu imelala mchangani, kila mmoja una jina. ACHA WASEME. ASANTE MAMA. NGUVU YA GIZA. KWAHERI UMASIKINI, ambao ulikuwa na tundu.

Mtu aliyekua kati ya kanga anaelewa haraka. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mtumbwi nao una pindo lake, msururu wa meno mekundu na meupe kuanzia mbele hadi nyuma, una mji wa rangi moja, na jina limekaa mahali pake, herufi kubwa, neno la kumfikia jirani bila kumtaja. Nikaandika hayo daftarini kwa furaha kubwa. Nikaongeza kwamba meno yale ni mawimbi.

Fundi alikuwa chini ya mti, mzee wa miaka sitini hivi, nguo za kanisani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia leo hagusi brashi ila maneno ruksa. Nikamwuliza kuhusu mawimbi.

"Mawimbi gani?"

"Haya meno."

Akacheka mpaka akakohoa. Akanipeleka kwenye ACHA WASEME, akanishikisha mkono. Chini ya rangi palikuwa na vipande vya bati vilivyopigiliwa kwenye nyufa, kimoja hapa, kimoja pale. "Ukipaka rangi moja, kila mtu anahesabu viraka vyako. Ukipiga meno, jicho linapotea."

"Na hii bluu ya ndani?"

"Ilibaki walipopaka shule."

Mara ya pili hiyo. Nikafunga daftari.

Usiku wake ulikuwa wa giza kamili, mwezi haupo, na hizo ndizo siku za wavuvi wa dagaa. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, taa zao hazina kazi. Saa mbili usiku nilipanda mwamba nyuma ya gesti. Upeo mzima wa maji ulikuwa na taa, mamia, kama kuna mji mwingine huko na sisi ndio tuko kijijini. Zamani zilikuwa karabai, mwanga wa manjano. Sasa nyingi ni taa za LED na betri zinazochajiwa kwa sola, nyeupe, kali. Kijana wa gesti alisema karabai zilikuwa zinatetemeka, hizi zimetulia mno, "kama zimechorwa".

Simu ilishindwa. Hali ya usiku ya kamera inapiga picha kadhaa kwa sekunde chache kisha inaziunganisha, na taa inayopanda na kushuka na wimbi haiungiki. Kila nuru ikatoka kama uzi wa tambi. Nimezihifadhi hizo picha. Ndizo pekee zinazoonyesha kwamba maji yalikuwa yanatembea.

Jumatatu, 22 Septemba. TARATIBU

Fundi alikuwa na kazi: mtumbwi mpya, mbao bado zinanukia, pamba imeshindiliwa kwenye maungio. Mwenyewe alitaka uitwe TARATIBU. Malipo ya ufundi 30,000 pande zote mbili, rangi ya mwenye mtumbwi.

Hana rula. Ana uzi alioupaka chaki. Mjukuu akashika ncha moja, yeye nyingine, akauvuta katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Pa! Mstari mweupe juu ya rangi nyeusi. Wa pili chini yake, lakini haukuwa sambamba. Kuelekea mbele ya mtumbwi ile mistari miwili ilikuwa inaachana. Nikadhani amekosea. Akanituma nirudi nyuma hatua thelathini nitazame. Mtumbwi haujanyooka, mbele unapanda kama mtu anayeinua kidevu, na ukisimama kwa mbali ile sehemu ya mbele inayakimbia macho. Herufi zilizo ndefu kule zinaonekana sawa na wenzake. Nikiwa karibu ni kosa, nikiwa mbali ni mstari.

Jina linaanzia wapi? Upande wa kushoto linaanzia mbele, upande wa kulia linaishia mbele. Kwa hiyo kushoto T ndiyo ndefu, kulia U ndiyo ndefu. Sijawahi kubuni kitu kinachosomwa kwa namna mbili hivyo.

Haanzi na T. Anahesabu herufi, nane, anaanza katikati na kwenda huku na huku. "Ukianzia mwanzo utafika mwisho huna pa kukaa," akasema, nami nikaikumbuka MASHOKA ya mjini. Lakini katikati yake si katikati ya uzi. Alisogea kidogo, nikamwuliza kwa nini.

"Herufi ni abiria. I anakaa nusu siti, mtoto huyo. M ni mama mwenye kikapu, ila leo hayupo. Huyu T ana mabega, lakini miguuni pake ni peupe, kwa hiyo A anaingiza mguu pale. Ukiwaacha mbali watu watasoma T, halafu ARATIBU."

Ndani ya kila fonti nzuri kuna jedwali la jozi za herufi, linaloiambia kompyuta ni jozi zipi zisogezwe karibu na kwa kiasi gani. T na A ni miongoni mwa jozi za kwanza unazofundishwa. Nilifundishwa kwa mihula miwili. Yeye amefundishwa na abiria.

Upande wa kulia alimaliza peke yake. Upande wa kushoto, tulipofika R, akanipa brashi.

Siwezi kueleza vizuri woga ule. Miaka yote hiyo nafanya kosa na kulifuta kwa vidole viwili. Rangi ilikuwa nzito, brashi inaburuta, nikaomba petroli kidogo niipunguze. Nikaongeza tena. Ikaanza kuteleza vizuri sana, nikapiga mgongo wa R, tumbo, na mguu. Mguu ukaenda mrefu, ukavuka mstari wa chaki kwa upana wa kidole. Watoto wakapiga makofi. Fundi akatazama, akachukua kitambaa, akakirudisha mfukoni.

"Acha. Anatembea."

Mchana tulikula furu, samaki wadogo wa ziwani, na ugali kwake, mkewe akakataa hela, nikaacha sukari kilo mbili dukani kwa jina lake.

Jumanne, 23 Septemba

Nilirudi Mwanza kwa njia ya nchi kavu: Rugezi, kivuko hadi Kisorya, kisha basi kupitia Bunda. Vumbi, usingizi, 17,000 kwa jumla. Ni njia ndefu kuliko meli, lakini haikungoji kupakia magodoro. Wenye mgongo mbovu wachague meli.

Jumatano, 24 Septemba. Mwaloni Kirumba

Alfajiri kwenye soko la samaki la Kirumba. Nilikwenda kwa ajili ya dagaa wenyewe, maana ndio mteja. Dagaa mkavu mzuri, aliyeanikwa juu ya chanja, ana rangi ya fedha na ukimkunja analia kama karatasi. Aliyeanikwa mchangani unamtambua kwa meno. Mama muuzaji alinimiminia kiganjani aina zote mbili, akanitazama nikitafuna, akangoja uso wangu ubadilike. Ulibadilika.

Magunia yaliyokuwa yanapakiwa kwenye malori yana majina ya wenyewe yaliyoandikwa kwa wino mzito, lakini kila gunia lilikuwa pia na kitambaa kidogo kimefungwa mdomoni: chekundu, cha maua, kipande cha khanga ya njano. Nilimwuliza mpakiaji kama ni pambo. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kuuliza kwanza.

"Tunapakia usiku, kaka. Jina nitalisoma na nini? Natazama kitambaa."

Basi la jioni kwenda Dar, 75,000, safari hii siti ya katikati. Hakuna tairi lililopasuka.

Alhamisi, 25 Septemba, na baadaye

Nyumbani mchana. Safari nzima imenigharimu takriban shilingi 515,000, na chakula ndani yake. Anayepanda basi tu toka Dar na kubana kwenye gesti anaweza kutumia pungufu.

Lebo ya nne nimeipeleka. Ni ya kijivu cha bati, haina wimbi wala samaki. Ina jina la biashara kwa herufi zinazokua kidogo kuelekea kulia, na pindo la meno mekundu na meupe mahali pale pakiti inapounganishwa kwa moto, pale ambapo siku zote huwa na mikunjo. Mteja ameuliza kama bluu kidogo inawezekana. Tunaendelea kuzungumza.

Wiki iliyopita mjukuu wa fundi alinitumia picha. TARATIBU umepandishwa mchangani, umelowa, una nyavu ndani. Chini ya picha ameandika maneno aliyoagizwa na babu yake: "R yako imeanza kubanduka. Petroli ilizidi. Ukija tena utaipiga mkono wa pili."